Zamu Ilikuwa ya Nani? Mazungumzo na sanaa, kutoka kwa Tshibumba mpaka hapa Goma

Kazi yangu ya kwanza niliipata miezi mitano baada ya kutetea memware, na ilidumu siku kumi na mbili. Shirika moja, jina tuliache, lilikuwa na proje ya "mazungumzo ya jamii kupitia sanaa", na mimi nilichukuliwa kuongoza mazungumzo baada ya mchezo wa kuigiza. Tulikuwa wachezaji watano, spika moja, bango moja kubwa, na mimi na daftari langu. Tulizunguka Ndosho, Mabanga, Majengo, na siku moja tukacheza karibu na soko la Virunga.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mume anakunywa. Bibi yake anauza sambaza, na yuko katika likirimba ya wamama kumi na wawili. Yeye ndiye anakusanya. Pesa ya wiki imeshakusanywa, iko chini ya godoro, kesho inapewa mwenye zamu. Usiku mume anaichukua na kuimaliza nganda. Asubuhi bibi analia, mchungaji anakuja, mume anapiga magoti na kuomba pardo, bibi anasamehe, wanakumbatiana, na wote watano wanaimba kwamba amani inaanza nyumbani. Makofi. Kisha ninaingia mimi na swali langu lililoandikwa tayari: "Tumejifunza nini?"

Kule Virunga, mama mmoja aliyekuwa amekalia bidon yake alinyoosha mkono mbele hata sijauliza.

"Ninyi batoto ya yunivasite, niko na swali. Ile wiki, zamu ilikuwa ya nani?"

Tulitazamana. Hakuna aliyejua. Hata aliyeandika mchezo hakuwa amefikiria.

"Juu ule mwenye zamu," akaendelea, "pengine kesho yake alikuwa analipa minervale ya mutoto. Bwana ameomba pardo kwa bibi yake, sawa. Na bale kumi na moja? Nani amebaomba pardo?"

Watu wakacheka, kisha moto ukawaka. Mmoja akasema bibi huyo hawezi kubaki mtaani, lazima atoroke usiku. Mwingine akasema hapana, wale kumi na mmoja watakuja kukaa kwenye parseli yake na masufuria yao, watapika pale na kula pale mpaka alipe. Kijana wa chukudu akasema mume auze redio. Mama mwingine akamjibu kwamba redio ni ya bibi. Ilichukua zaidi ya nusu saa, na mimi niliandika kurasa nne. Kwa kweli, mle ndani ya zile kurasa nne mlikuwa na mchezo mzuri kuliko ule tuliotoka kucheza.

Jioni nikajaza fomu. Swali lilikuwa: "Je, washiriki wameelewa ujumbe?" Nikaweka alama kwenye "ndiyo". Kesho yake, Majengo, tulicheza mwisho ule ule, na magoti yale yale.

Sisimulii hii ili kuchafua watu walionilipa. Perdiemu nilikula, na alama niliiweka kwa mkono wangu mwenyewe. Ninaisimulia juu tangu siku ile sijaacha kujiuliza: kama yale yalikuwa mazungumzo, kwa nini hayakubadilisha hata neno moja la mchezo?

Neno "mazungumzo" siku hizi liko kila mahali katika sanaa. Tangu miaka ya 1990 kuna wasanii wengi wa Ulaya na Marekani ambao wameacha kutengeneza kitu cha kutundika ukutani, wanasema kukutana na watu na kuongea nao ndiyo kazi yenyewe. Mkosoaji wa Marekani, Grant Kester, aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 2004, Conversation Pieces. Huku kwetu wazo hilo halikupitia kwenye majumba ya sanaa. Lilikuja na gari nyeupe yenye antena. Lakini neno ni lile lile, na sina ugomvi nalo. Katika mji huu ni nani anaweza kuandika wimbo, sinema au slam bila masolo? Ugomvi wangu ni kwamba tunaita "mazungumzo" hata mahali ambapo hakuna kitu mtu anaweza kusema kikaigusa kazi. Na ili tuone tofauti, tuko na mfano wa hapa hapa Kongo, tena kwa Kiswahili, ambao mimi nimeufahamu nikiwa nimeshamaliza masomo. Sijui kwa nini hakuna aliyetufundisha.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alikuwa mchoraji wa mtaani. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, kisha akazunguka kuuza. Miaka ya 1970, familia nyingi za wafanyakazi wa Shaba (ndivyo Mobutu alivyoiita Katanga) zilikuwa na michoro ya namna hiyo sebuleni. Wachoraji walirudia mada zile zile juu ndizo zilikuwa zinanunuliwa: mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, askari wa Colonie Belge anasimamia mfungwa anayechapwa fimbo, Lumumba. Na watu walipoeleza mchoro kama huo unafaa nini nyumbani, neno lililorudi mara kwa mara lilikuwa ukumbusho.

Mimi neno hilo lilinisimamisha. Hawakuanza na uzuri. Mchoro unaofaa ni ule ambao mgeni akiingia, akipewa kiti na maji, anauangalia ukutani na maneno yanaanza yenyewe: hivyo ndivyo baba alichapwa, mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa nyuma ya mlango. Kwa hiyo hata kabla ya mtu yeyote kuja na mashine ya kunasa sauti, mazungumzo yalikuwa ndani ya kazi. Mchoro ulitengenezwa ili uongelewe, na usipoongelewa hauna maana ya kukaa pale.

Sasa akaja Johannes Fabian, mwanaantropolojia Mjerumani aliyekuwa anafundisha yunivasite Lubumbashi. Alikuwa anasikia na kuongea Kiswahili cha kule, na hilo si jambo dogo, juu mazungumzo mengi ya "jamii" hapa kwetu yanapitia kwa mkalimani anayefupisha. Tshibumba alikuja kwake kuuza, kama kwa mteja yeyote. Mteja huyu akanunua, halafu akauliza, halafu akanyamaza na kusikiliza. Tshibumba akamwambia kwamba yeye ni mwanahistoria, na kwamba historia ya nchi nzima anaweza kuichora.

Katika mwaka 1974 alirudi na michoro kwa mafungu. Aliipanga mmoja baada ya mwingine, akaisimulia, sauti ikinaswa. Kisha waliirudilia tena pamoja: Fabian anauliza, Tshibumba anajibu, anarekebisha, anakataa, anaongeza kitu alichokuwa amekisahau. Mchoraji ambaye soko lilikuwa limempa mada chache za kurudiarudia akajikuta na nchi nzima mkononi. Katika kitabu kilichotoka baadaye michoro ni 101. Inaanza na wafalme wa zamani na Wareno wa kwanza kufika, inapitia kwa Stanley na Leopold, kwa uhuru na vita ya Katanga, inafika kwa Mobutu, na haiishii hapo: michoro ya mwisho inaonyesha mambo ambayo hayajatokea bado. Mwanahistoria gani mwenye diploma angethubutu?

Na angalia mambo aliyoyaingiza. Kuna wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi Élisabethville mwezi wa Desemba 1941 kwa sababu ya mgomo. Kuna Simba Bulaya, simba wa Ulaya, ile hofu ya wazungu wanaokamata watu usiku ambayo wazee wa Kongo nzima wanaijua kwa majina mbalimbali. Ukienda kwenye maktaba na kutafuta kwa njia tuliyofundishwa ku kozi ya "njia za utafiti", jambo la kwanza unaweza kulikuta katika makaratasi, la pili utaliona limewekwa upande wa "imani za wenyeji". Tshibumba aliyaweka pamoja, mchoro kwa mchoro, uzito sawa, juu ndivyo yanavyokaa katika maneno ya watu. Hiyo ni kazi ambayo imetoka katika kusikiliza, mbele hata ya Fabian: kusikiliza wazee, wateja, watu wa nganda.

Kisha kuna Lumumba. Tshibumba alimchora amelala amekufa pamoja na Mpolo na Okito, na nyuma, mbali, misalaba mitatu. Alieleza kwamba kwake yeye Lumumba alikuwa kama Bwana Yesu wa Zaire. Mimi mchoro huo nimeuona kwenye simu tu, na hata hivyo nilikaa nao siku nzima. Waliuawa tarehe 17 Januari 1961. Sisi wa Goma tarehe hiyo tunaijua kwa sababu nyingine, juu tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilishuka mpaka katikati ya mji. Nilipowaambia rafiki zangu hivyo, mmoja akasema: basi Tshibumba angechora lava nyuma ya misalaba. Ndiyo kusema, miaka hamsini baadaye, mchoro bado unafanya kazi ya ukumbusho.

Hapa lazima niwe mkali kidogo, juu nisipokuwa mkali hii itakuwa sifa tu. Wale wawili hawakuwa sawa. Mmoja alikuwa na mshahara na paspoti, mwingine alihitaji kuuza ili ale. Michoro ilivuka bahari, leo iko Amsterdam, katika makumbusho ambayo kwa miaka mingi iliitwa Tropenmuseum. Kitabu, Remembering the Present, kilitoka mwaka 1996. Jina la Tshibumba limo, kama msimulizi na mchoraji, lakini ukikitafuta maktabani unakitafuta kwa Fabian. Na Tshibumba hakukiona, au tuseme hakuna anayeweza kusema kama alikiona, juu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakujulikana tena alipo. Mtoto wa Lubumbashi anayetaka kuona historia ya Kongo iliyochorwa na mtu wa kwao anahitaji viza.

Kwa nini basi bado ninasema yale yalikuwa mazungumzo, na yangu ya Virunga hapana? Kwa sababu Fabian hakuwa anajua mchoro utakaokuja wiki inayofuata. Hakuwa na fomu yenye jibu ndani yake. Swali lake likiwa baya, Tshibumba aliweza kulipita na kurudi kwa mambo yake. Na jibu la Tshibumba likiwa gumu, ni Fabian aliyelazimika kubadilika: kitabu chake hakikuweza kuwa kile cha kawaida, cha profesa anayeeleza na mwenyeji anayetolewa mfano. Alilazimika kuweka michoro na maneno ya mchoraji mbele, na maelezo yake nyuma. Maneno yenyewe kwa Kiswahili, pamoja na kusitasita kwake kote, yamewekwa kwenye intaneti bure. Ukiwa na megabaiti, usome. Utashangaa namna gani yanafanana na Kiswahili ambacho walimu wetu walitukataza.

Fabian huyo huyo alirudi Lubumbashi mwaka 1986, na huko ikatokea hadithi nyingine ambayo nitaipita haraka lakini siwezi kuiacha. Siku moja mezani kulikuwa na kuku, akawa na firigisi, akafikiria kuigawa, na watu wakamwambia msemo: madaraka yanaliwa mazima. Msemo wenyewe walimwambia kwa Kifaransa. Hakuuelewa vizuri, akaenda kuwauliza wachezaji wa Mufwankolo, kikundi cha mchezo wa kuigiza ambacho Lubumbashi nzima ilikijua kwa redio na televisheni. Wao pia wakaanza kubishana maana yake. Ubishi huo ndio ulikuwa mbegu ya mchezo mzima juu ya mfalme na watu wake. Hawakuandika maneno ya kukariri. Walipanga sehemu, wakaongea nani anafanya nini na kwa nini, wakajaribu, wakabishana tena, na kila mchezaji akaleta maneno yake mwenyewe, mpaka ukachezwa na kupigwa filamu kijijini. Swali la mtu asiyeelewa lilizaa kazi, juu waliouliza na waliojibu wote hawakuwa na uhakika wa jibu.

Linganisha na kitu kilichotokea karibu na sisi zaidi. Mwaka 2008 msanii wa Uholanzi, Renzo Martens, alitoa filamu yake Enjoy Poverty, na sehemu yake moja iko Kanyabayonga, hapa Kivu ya Kaskazini. Anawakuta vijana wapiga picha wa arusi na sikukuu. Anawafanyia hesabu: picha ya arusi inaleta kiasi gani, picha ya mtoto mwenye njaa inaleta kiasi gani kwa wazungu wanaokuja na kamera. Anawashauri waache arusi, wauze umaskini, juu ndiyo mali ya nchi yao. Vijana wanajaribu. Wanapeleka picha zao kwa wanaoweza kuwafungulia mlango, mlango haufunguliwi, na Martens anawaambia basi, imeshindikana.

Wengi wanasema filamu hiyo ni ya kikatili, wengine wanasema ni ya kweli mpaka inauma. Mimi ninaona ni yote mawili, na hesabu yake ni sahihi: picha za mateso yetu zinauzwa, na sisi si wauzaji. Lakini kama mazungumzo, ni maigizo. Martens alijua mwisho tangu alipofika. Vijana wale waliongea, ndiyo, lakini hakuna neno lao lingeweza kuipeleka filamu upande mwingine. Ningependa siku moja kuona filamu ambayo wao wanamuuliza swali na yeye anakosa jibu. Kwa mfano: wewe picha yetu hii umeiuza ngapi? Nadhani angependa swali hilo, juu si mjinga hata kidogo. Lakini hakuna aliyepewa nafasi ya kuliuliza.

Sasa turudi nyumbani kabisa. Goma haijakosa watu waliofikiria jambo hili. Yolé!Africa, ambayo Petna Ndaliko Katondolo aliianzisha Kampala mwaka 2000 na kuileta hapa 2002, imefundisha vijana wengi kushika kamera na kucheza, na festivali yao ya sinema imeleta watu wa mtaa kuangalia na kubishana pamoja. Filamu ya Petna, Jazz Mama, ya mwaka 2010, ilitoka wakati ambao kila kamera iliyofika Kivu ilitafuta mwanamke mmoja tu, yule aliyebakwa, ili alie mbele yake. Jazz Mama inawatafuta wanawake walio na nguvu, walio na la kusema, na inawaachia waseme. Chérie Rivers Ndaliko ameandika kitabu juu ya miaka hiyo, Necessary Noise (2016), na jambo lake kubwa ni lile nililolikuta mimi na daftari langu: pesa ya msaada ikiingia katika wimbo au sinema, mara nyingi inaingia na ujumbe ulioandikwa tayari, na msanii anabaki kuwa spika. Ninaongeza tu kwamba spika nyingine tunajitolea wenyewe. Nimeona vijana wenye kipawa wanaandika ombi la pesa mbele ya kuandika wimbo, na wimbo unakuja kufanana na ombi.

Lakini nisitupie lawama zote kwa wafadhili, juu kuna ugonjwa wetu pia, na huu haujadiliwi. Tunapenda kuongea. Karibu na ligablo, kwenye mlango wa nganda, saa tano za masolo, kila mtu mwanasiasa na mkosoaji. Butembo wana hata Parlement debout yao, pale Furu, watu wamesimama wanajadili nchi. Tunasema "huko ndiko sanaa yetu iko", na tunajisifu kwamba sisi ni watu wa mdomo. Sawa. Lakini Tshibumba baada ya masolo alirudi nyumbani, akanyoosha gunia, akachora. Wachezaji wa Mufwankolo baada ya ubishi walipanga nani anaingia kwa mlango gani. Kazi ya peke yako, ile ya usiku, hakuna mazungumzo yanayoibadilisha. Mimi mwenyewe zile kurasa nne zangu zilikaa ndani ya mfuko zaidi ya mwaka mzima. Kwa hiyo mfadhili aliua mchezo wa yule mama siku moja, mimi niliendelea kuuzika siku zote zilizobaki.

Halafu kuna jambo lingine, na hili ndilo limenifanya niandike sasa. Tangu mwisho wa Januari 2025 mji umebadilisha mikono, mnajua wenyewe. Benki zikafunga, uwanja wa ndege ukafunga, na polepole kitu kingine nacho kikaanza kufunga. Watu wanapunguza sauti. Mtu anaanza hadithi, anaangalia nani amekaa kwenye kiti cha pembeni, anasema "tuache". Ninaogopa kwamba katika miaka kumi tutakuwa na sinema nyingi na nyimbo nyingi juu ya Goma ya leo, zote zimetengenezwa kwa maneno ya watu walioongea wakiwa mbali, juu sisi tuliokuwa ndani tulikuwa tunaangalia kiti cha pembeni.

Kwa hilo pia nimerudi kwa Tshibumba. Mwaka 1974 haukuwa mwaka wa kusema chochote unachotaka. Mobutu alikuwa Mobutu, na mashine ya kunasa sauti haikuwa kitu cha kuchezea. Ukisoma maneno yake unaona mahali anapozunguka, mahali anapoingia kwa mfano, mahali anaposema jambo ni hivi halafu mchoro wake unaonyesha zaidi ya alivyosema. Nilidhani kusoma vile kutanifundisha ujasiri. Kumbe kilinifundisha ufundi: mdomo unaweza kunyamaza mahali ambapo mkono unaendelea.

Wiki tatu zilizopita tulikaa wanne, Himbi, kwa rafiki yetu mwenye paneli ya jua, tukasoma kwa sauti sehemu ya mazungumzo yale kwenye simu moja. Mmoja wetu ni wa Lubero, alicheka maneno ya Katanga mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka, akaanza kusimulia juu ya babu yake na barabara waliyolazimishwa kuchimba wakati wa Wabeleji, hadithi ambayo tumekuwa marafiki miaka saba na hajawahi kuisema. Nikatoa zile kurasa nne.

Tumeanza kuandika mchezo upya. Hauna mchungaji. Wale wanawake kumi na mmoja wako jukwaani tangu mwanzo, wamekaa juu ya bidon zao na hawasemi kitu mpaka mume arudi kutoka nganda. Mwenye zamu tumempa kiti cha mbele. Shida ni kwamba akifungua mdomo, hatujui anasema nini: tumejaribu mara tatu, na mara tatu imetoka kama hotuba. Jumamosi tunaenda Virunga, kama yule mama bado anauza pale, kumuuliza.